Mizinga Imevaa Kaniki

Kitendawili, wajukuu zangu! Msiba umeingia nyumbani: mdudu wa bustanini ameambiwa, mama mwenye nyumba hajaambiwa. Ni nyumba gani hiyo?

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mnanipa York? Haya, nimekwenda York, nimekula mkate wa tangawizi, nimekunywa chai ya maziwa, nimerudi. Jibu ni Skelhowe, nyumba ya Lodi Everard. Ndipo tulipomwacha mkewe Jumamosi iliyopita, amesimama dirishani, mkono mmoja juu ya tumbo la miezi saba, mkono wa pili umelishika pazia kama mtu anayezama.

Kule chini, katikati ya miti ya matofaa, mzee Amos Garth alikuwa akifunga kitambaa cheusi kwenye mzinga wa mwisho.

Ledi Tabitha alitaka kupiga kelele. Badala yake aliliuma pazia.

Alijua anachokiona. Nyuki wa nyumba kubwa ni watu wa nyumba. Akizaliwa mtoto, wanaambiwa. Ikifungwa harusi, wanaambiwa, tena wanapelekewa kipande cha keki. Na bwana wa nyumba akifa, mtu huchukua ufunguo wa mlango mkubwa, akagonga kila mzinga, akawaambia kwa sauti ya chini, akawavalisha nyeusi. Wasipoambiwa watakufa wote, au watahama, na bahati ya nyumba itahama nao.

Nyuki wa Skelhowe hawavalishwi nyeusi kwa ajili ya shangazi. Wala kwa ajili ya farasi, hata awe farasi gani. Ni kwa bwana wa nyumba tu.

Na bwana wa nyumba ni Everard, mumewe, aliyekwenda London kwenye baraza la malodi, aliyetakiwa kuwa amerudi juzi.

Mlango ulifunguliwa nyuma yake. Tabitha aliruka.

"Ni mimi, Bibi, usizae kabla ya siku," alisema Nance, mjakazi wake aliyekuja naye kutoka Halifax siku alipoolewa. "Unaitwa chai. Mama Mkuu, mkweo, ametoa skonzi na jemu ya stroberi. Ama amelewa, ama ana jambo."

"Nance, njoo utazame."

Nance alitazama. Yeye ni mtoto wa mjini, amekulia chini ya moshi wa dohari za kiwanda. Nyuki kwake ni kitu cha kukimbia tu.

"Kwani mzee anawafunika wasishikwe na baridi?"

"Mwezi wa sita?"

Nance alifungua mdomo, akaufunga. Taratibu alielewa. Mashavu yake, ambayo siku zote ni mekundu kama nyanya, yaligeuka rangi ya unga.

"Everard amekufa," alisema Tabitha. "Wao wanajua. Na wananiitia skonzi."

"Lia, Bibi. Lia kwanza."

"Nikilia watajua kuwa najua. Kimbia posta ya kijijini. Mpelekee baba yangu telegramu, maneno mawili tu: Baba, njoo. Pita mlango wa jikoni. Mtu akikuuliza, unakwenda kununua uzi."

Nance alitoka mbio, kofia mkononi.

Mtaniuliza, wanamficha ya nini? Mjane si atajua tu? Ngojeni niwaambie, kwa sababu hapo ndipo penye sumu.

Kwa malodi, cheo ni cha wanaume peke yao. Everard akifa hana mtoto wa kiume, kila kitu ni cha mdogo wake, Lucian: nyumba, mashamba, jina, hata kiti cha barazani. Lakini akimwacha mke mjamzito, mambo yote husimama. Mawakili wanasubiri tumbo. Maaskofu wanasubiri tumbo. Mtoto akiwa wa kiume, analia kilio chake cha kwanza akiwa tayari lodi, na Lucian anabaki Lucian. Ndiyo maana mjane wa namna hiyo hakai peke yake. Ndugu zake huja wakamzunguka, macho ya pande zote mbili yakawa mlangoni, mpaka siku ajifungue.

Hiyo ni kwa mjane anayejulikana kuwa ni mjane. Mke ambaye mumewe "yuko safarini" anaweza kupelekwa popote.

Tabitha aliosha uso, akajikaza kisabuni, akashuka.

Kwenye ngazi zile wakwe zake waliokufa wamening'inia ukutani ndani ya fremu za dhahabu. Siku ya kwanza alipoletwa hapa bibi harusi, mama mkwe alimshusha ngazi moja baada ya nyingine akimsomea ukoo. Huyu alimpa mfalme farasi wake vitani. Huyu alioa mpwa wa dyuki, lodi wa malodi. Yule mwenye pua, dada yake ni mama mkwe wa askofu. Walipofika chini, mama mkwe akamgeukia: "Na kwenu, mwanangu, baba yako anafuma mablanketi."

Everard ndiye aliyejibu. "Sasa, Mama, usiku wa baridi utajifunika mpwa wa dyuki?"

Alicheka mwenyewe mpaka masikio yakamwiva. Tabitha aliyakumbuka masikio yale sasa hivi, ngazini. Alishika ukingo. Akaendelea kushuka.

Sebuleni, mama mkwe, Ledi Augusta, alikuwa ameketi mbele ya birika la fedha. Amevaa gauni la zambarau. Shingoni lulu. Hakuna hata uzi mweusi mwilini mwake. Lucian alisimama ameupa mgongo moto, mikono nyuma, kijana mzuri wa sura kama kisu kipya.

"Shemeji!" alisema. "Keti, keti. Umependeza. Huyo mpwa wangu anakupiga mateke bado?"

"Anapiga, shemeji."

"Atakuwa mpanda farasi. Basi nina habari njema. Everard amerudi."

Moyo wa Tabitha uliruka. Wallahi, kwa muda wa pumzi moja aliamini. Labda Amos amechanganyikiwa kwa uzee. Labda kitambaa kile ni cha jambo jingine. Labda...

"Yuko wapi?"

"Hayupo hapa. Alipanda treni ya Whitby, akapitiliza mpaka nyumba yetu ya pwani, Gannet House. Kashikwa na mafua, anataka hewa ya bahari. Anakuita uende. Farasi wanafungwa sasa hivi, na Daktari Pym atakusindikiza, kwa sababu ya hali yako."

Gannet House. Tabitha aliijua. Nyumba juu ya jabali, njia moja ya kuingia, jirani ni ndege wa baharini. Mke wa babu yake Everard alipelekwa huko kujifungua. Picha yake haiko ngazini.

"Leo hii?"

"Leo hii. Mwanamume anamtaka mkewe, shemeji, mimi nitamwambia asubiri?"

Tabitha alimtazama mama mkwe. Mama mkwe alikuwa akimimina chai. Kikombe kilijaa. Akaendelea kumimina. Chai ikajaa kisahani, ikamwagika kwenye kitambaa cheupe cha mezani, ikaanza kudondoka zuliani, na mwanamke yule aliyewahi kumfukuza mtumishi kwa tone moja tu alikuwa bado anamimina.

"Mama," Lucian aliita. "Mama! Chai."

Birika lilitua mezani kwa kishindo.

"Mama," alisema Tabitha polepole, "wewe umemwona?"

"Nimemwona nani?"

"Everard."

Lucian alimkazia mama yake macho.

"Nimemwona," alisema mama mkwe.

Ilikuwa kweli. Macho yake yalisema ni kweli. Na katika maneno yote yaliyosemwa kwenye meza ile, hilo ndilo lililomtisha Tabitha kuliko yote.

Alitabasamu. Mashavu yalimuuma kwa kutabasamu. "Basi ngoja nikajitengeneze. Sijaonana na mume wangu wiki mbili, siwezi kumwendea kama mfua nguo."

Lucian alicheka. "Wanawake! Usichelewe, shemeji. Na usijisumbue na masanduku, yamekwisha kufungwa."

Yamekwisha kufungwa! Kwa amri ya nani? Tabitha alipanda ngazi bila kukimbia. Alihisi macho ya Lucian mgongoni mpaka alipokata kona.

Chumbani alimkuta Nance amekaa juu ya sanduku, anahema, anatetemeka kwa hasira.

"Umepeleka?"

"Nipeleke wapi? Lango limefungwa, Bibi. Kwa minyororo, mchana kweupe! Mlinzi anasema ni amri ya Bwana Lucian, hatoki mtu mpaka gari lako litoke. Nikamwambia nakwenda kununua uzi. Akaniambia nishonee nywele zangu. Nikamwambia zake hazitoshi hata kushonea kifungo. Lakini hakufungua."

Tabitha alikaa kitandani. Baba yake yuko Halifax, mwendo wa treni tu, kwenye kelele za mitambo ya sufu, hajui lolote. Dada yake Keziah, aliyeolewa na muuza viungo na ambaye jina lake halitajwi hapa mezani, hajui lolote. Watu wake wote wako hai, wazima, na ni kama wako mwezini.

Mtoto alipiga teke. Teke la nguvu.

"Nance, lile gauni langu la msiba wa mama liko wapi?"

"Halikuenei, Bibi! Lilikuwa la kiuno chako cha zamani."

"Lipasue mgongoni. Nitafunika shali. Mimi nakwenda bustanini."

Aliteremka kwa ngazi ya watumishi, akapita chumba cha kuoshea vyombo, akatoka. Jua la Juni huko halina haraka ya kuzama. Mizinga ilikuwa imepangwa kwenye benchi la mawe chini ya mitofaa, kila mmoja na kitambaa chake cheusi, kama wanawake waliokaa matangani.

"Usije mbio, Bibi," alisema mzee Amos bila kugeuka. "Leo wana hasira."

"Mzee Amos, umewaambia nini?"

"Nimekatazwa kusema na mtu."

"Sikuulizi umemwambia mtu nini. Nakuuliza umewaambia nyuki nini."

Mzee alivua kofia. Alikuwa mrefu, mkavu, na mikono yake ilivimba kwa miiba ya maisha yake yote.

"Nimewaambia bwana wao amekufa."

Basi. Limesemwa. Tabitha aliuegemea mtofaa. Mti haukumwangusha.

"Nani alikutuma?"

"Mama Mkuu mwenyewe. Alikuja kwa miguu yake, ufunguo ndani ya mkono wa gauni. Akaniambia, Amos, watu tutawaficha kwa muda, nyuki siwezi. Alipofiwa na mumewe aliwasahau, mizinga yote ikafa kabla ya mazishi. Hakusahau tena. Bwana Lucian hajui kama nimewaambia. Akijua, mimi sina shingo."

Mnaona, wajukuu zangu? Walifunga lango. Walifunga masanduku. Walifunga midomo. Mama yule hakuthubutu kuwafungia nyuki habari. Na alisahau kitu kimoja: chumba cha watoto kina dirisha upande wa bustani. Kilifungwa tangu Lucian alipoacha nepi, na Tabitha alikifungua wiki ile ile, akipasha hewa kitanda cha mwanawe.

"Amekufaje?"

"Wanasema farasi alimtupa kijitoni, kule juu nyikani, akitoka stesheni. Bwana Lucian ndiye aliyemkuta. Walimleta jana alfajiri, kazungushiwa shuka. Sikuona uso. Wamemlaza kwenye nyumba ya barafu."

Nyumba ya barafu! Lile shimo la matofali chini ya kilima, wanapohifadhi barafu ya ziwa kwa majani makavu ipate kufika kiangazi. Pamoja na samaki. Pamoja na siagi. Everard wake, mwenye masikio ya kuiva.

Meno yalianza kumgongana mdomoni, jua lile lile likiwaka.

"Amos. Desturi ni kuwaambia na bwana mpya ni nani. Uliwaambia nani?"

Mzee aliizungusha kofia mikononi.

"Mama Mkuu alisema niseme Lucian. Nikagonga. Nikainama. Nikafungua mdomo." Alilitazama tumbo la Tabitha, kisha akatazama kando kwa heshima. "Nikawaambia, subirini."

Tokea mbele ya nyumba ilisikika sauti ya magurudumu kwenye kokoto. Gari.

"Bibi, usipande," alinong'ona Amos. "Mimi ni mzee wa nyuki tu, sina la kukusaidia. Lakini usipande."

Atafanyaje asipande? Akikataa kwa maneno, watambeba. Nani atauliza? Mke amekataa kwenda kwa mumewe, ni deko la mimba.

Lakini kulikuwa na jambo moja. Mama mwenye nyumba akisafiri, watumishi wote hujipanga mbele ya ngazi kumuaga, kuanzia mkuu wao mpaka msafisha sufuria. Hata Lucian hawezi kuizuia desturi hiyo bila watu kushangaa. Hao ndio mashahidi alionao. Akarudi juu kwa ngazi ile ile ya watumishi, Nance akamvika lile gauni.

Mlango mkubwa ulifunguliwa. Watumishi wamejipanga safu mbili. Lucian yuko chini kabisa, glavu mkononi, anapiga soga na Daktari Pym, mtu mnene aliyesomea London na asiyeiacha London nyuma hata kwa dakika moja. Mama mkwe kasimama kando ya gari, mrefu, kimya.

Tabitha akatokea.

Kavaa nyeusi juu hadi chini. Gauni jeusi, shali nyeusi iliyoficha mgongo uliopasuliwa, utaji mweusi umerudishwa nyuma uso uonekane.

Mpishi alitoa kilio kidogo, akajiziba mdomo. Mwendesha gari alivua kofia bila kujijua. Mmoja baada ya mwingine, safu nzima, wanaume wakavua kofia.

"Simwendei mume wangu pwani," alisema Tabitha. Sauti ilifika mpaka kwa msafisha sufuria. "Mume wangu amekufa. Mimi ni mjane wake, nimebeba mtoto wake, na sitoki katika nyumba hii mpaka baba yangu aje."

Amewaweza! Ndivyo Nance alivyodhani, aliyesimama nyuma yake. Ndivyo na mimi ningedhani.

Lucian hakushtuka. Alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyekuwa akilitarajia jambo hilo. Kisha akamgeukia daktari.

"Umeona, Daktari? Ndilo nililokuambia. Mume yu hai, mwenyewe kajivalisha ujane. Mimba imempanda kichwani."

Gauni lile! Alivaa ushahidi wake mwenyewe, akashuka nalo ngazi!

Daktari Pym alipanda ngazi mbili, sauti tamu kama dawa ya kikohozi. "Bibi mpenzi, nani amekuambia kuwa Lodi amekufa?"

Akimtaja Amos, Amos hana shingo. Tabitha aliangalia huku na huku. Hakuna njia.

"Nyuki," alisema.

Daktari alitabasamu. "Nyuki. Naam. Na walisema nini kingine?"

Lakini katika safu zile mbili hakucheka mtu. Vichwa viligeuka, kimoja kimoja, kuelekea bustanini. Wale walikuwa watu wa pale. Nao waliona, kwa mbali kati ya mitofaa, kitu cheusi kikipepea.

Lucian naye aliona. Akageuka taratibu akamtazama mama yake.

"Mama. Umefanya nini?"

Mama mkwe alikuwa akiitazama mizinga.

"Mpandisheni garini," Lucian alisema kwa ukali. "Anaugua. Daktari, mshike mkono ule."

Walimshika. Nance alirusha ngumi, akasukumwa, akaanguka kwenye kokoto. Tabitha alihisi vidole vya Lucian vikizama mkononi mwake, ngazi zikipita chini ya miguu yake bila yeye kuzikanyaga. Mlango wa gari uko wazi. Ndani kuna giza, na harufu ya ngozi.

"Mama!" alilia, si kwa Lucian, kwa yule mwanamke aliyesimama kando. "Ulisema umemwona! Alikuwa amelala vipi? Niambie hilo tu, nitapanda mwenyewe. Mwanao alikuwa amelala vipi?"

Uso wa Ledi Augusta ulikuwa jiwe. Kisha jiwe likafanya ufa.

"Bila mto," alisema.

"Mama, nyamaza!"

"Amelala bila mto, Lucian. Nilikuambia tumpelekee mto. Ukaniambia maiti haumwi shingo."

Mpishi akapiga yowe waziwazi. Daktari Pym aliuachia mkono wa Tabitha kama umemchoma.

Mama mkwe aliinamia ndani ya gari, akachomoa mto wa kiti, akaukumbatia kifuani, akaondoka nao. Alikatiza kwenye majani, yule mwanamke ambaye siku zote hupita njia ya kokoto tu, akielekea kilimani. Watumishi waliivunja safu, wakamfuata. Tabitha alifuata akishikiliwa na Nance. Lucian aliwafuata wote, akiita, mara kwa upole, mara kwa matusi.

Mlango wa nyumba ya barafu ni wa mwaloni, una komeo la chuma kwa nje.

Komeo lilikuwa limefunguliwa.

Mama mkwe alisimama. "Nani amefungua?"

Alisukuma mlango. Baridi ilitoka ikawapiga usoni. Mwanga uliingia juu ya majani makavu, juu ya mapande ya barafu, juu ya shuka jeupe lililotupwa ovyo. Katikati ya majani palikuwa na bonde, urefu wa mtu.

Bonde tupu.

"Yuko wapi?" Mto ulimwanguka mama mkwe. "Lucian, umempeleka wapi mwanangu?"

Tabitha alimtazama Lucian, akitegemea kuona lile tabasamu. Hakuliona. Midomo yake ilikuwa myeupe. Wajukuu zangu, Lucian hakuwa anajua! Yeye ndiye aliyeogopa kuliko watu wote pale, na hakuwa akitazama ndani. Alikuwa akitazama chini, kwenye tope la kizingitini.

Tabitha naye akatazama.

Nyayo. Za mtu mmoja. Hana viatu. Zimetoka ndani kwenda nje, mguu mmoja ukiburuta, zikapita nyuma ya kilima kuelekea nyikani. Na mguu wa kushoto haukuwa na alama ya kidole kidogo.

Mke anaijua miguu ya mumewe. Everard alikipoteza kidole hicho akiwa mdogo, chini ya gurudumu la mkokoteni.

Furaha na hofu zilimpanda kwa pamoja mpaka akakosa pumzi. Alitaka kuita jina lake. Aliinua macho, yakakutana na macho ya Lucian. Na akajua kuwa Lucian amezihesabu nyayo zile kama yeye, kidole kwa kidole.

Lucian alijinyoosha. Alivuta hewa. Alipogeuka kwa watumishi, uso wake ulikuwa umeshavaa msiba.

"Mama amesema kweli. Ndugu yangu amefariki, nami niliwaficha kwa kumhurumia mjane," alisema, na machozi, machozi kabisa, yakamtoka. "Sasa wezi wa maiti wamemwiba. Hawajafika mbali."

Kisha akamwita mtunza mbwa wa kuwindia mbweha, akamwekea mkono begani.

"Wafungue mbwa," alisema. "Wale ambao hawajalishwa."